Kabla ndege mpya ya kivita haijatua Nanyuki: barua ya wazi kwa wakuu wa ulinzi

Kwa Waziri wa Ulinzi, Mkuu wa Majeshi, Kamanda wa Jeshi la Wanahewa, na wanachama wa Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni ya Bunge la Taifa.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni fundi wa ndege za kiraia, kazi niliyoianzia uwanja wa Wilson, na makazi yangu ni Nanyuki, mji wenye kambi ya wanahewa ya Laikipia, ambao watoto wake huitambua ndege ya kivita ya F-5 kwa mlio kabla hawajaiona. Nawaandikia kuhusu ndege itakayorithi kazi ya hizo F-5. Iwe mazungumzo yake yameshaanza ofisini mwenu au bado, siku ya kuichagua inakuja, nami naomba kusikilizwa kabla sahihi haijawekwa. Sahihi ikishawekwa, kinachombakia mwananchi ni kulipa.

F-5E zetu za kwanza zilifika 1978. Ziliagizwa wakati mgumu. Mwaka 1976 Idi Amin alidai hadharani kwamba sehemu za magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, na upande wa pili Somalia ya Siad Barre ilikuwa imesheheni silaha za Kisovieti. Kampuni ya Northrop ya Marekani iliacha kuziunda ndege hizo 1987. Baadaye tuliongeza nyingine zilizokwisha kutumika Jordan, zikaja na maswali mengi bungeni na magazetini kuhusu hali yake. Hata hivyo zimefanya kazi. Oktoba 2011 ziliingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, zilipiga kambi za Al-Shabaab za Gondodowe na Ismail huko Gedo. Hayati Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyetutoka katika ajali ya helikopta Aprili 2024, alikuwa rubani wa F-5. Kwa hiyo anayezibeza ndege hizi simuungi mkono. Lakini ndege iliyokuja wakati wa Mzee Kenyatta, ambayo kiwanda chake kilifunga mlango karibu miaka arobaini iliyopita, haiwezi kuwa ndiyo ngao ya anga letu kwa kizazi kingine. Kila kipuri chake sasa ni cha kutafuta.

Kuna Wakenya wenye nia njema wanaosema tusinunue kabisa, kwamba nchi ambayo deni lake limepita shilingi trilioni 11 haina haki ya kufikiria ndege za kivita. Nawaelewa, na baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga kodi mpya hakuna kiongozi anayeweza kujifanya hajawasikia. Mimi sikubaliani nao. Nchi isiyoweza kujua ni nani anapita angani mwake, wala kumfikia, imeacha sehemu ya mamlaka yake mikononi mwa majirani na marafiki. Hofu yangu iko kwingine. Nahofia tutanunua ndege nzuri, tuipitishe juu ya uwanja Sikukuu ya Jamhuri, tupige makofi, kisha baada ya miaka michache tuikute hangani haina mafuta, haina vipuri, haina fundi.

Siku hizi karibu kila ndege inayouzwa huitwa ndege ya majukumu mengi. Maana yake ni kwamba ndege ileile, safari ileile, inaweza kukabiliana na ndege nyingine angani, kushambulia shabaha ardhini au baharini, na kupiga picha za upelelezi, na rubani akahama kutoka kazi moja hadi nyingine kwa kubonyeza vitufe. Zamani kila kazi ilikuwa na ndege yake. Kwa nchi yenye mfuko mdogo hilo ni jambo jema, maana unatunza aina moja badala ya tatu. Ila uwezo huo hauko katika mabawa. Uko katika rada, katika kifaa cha kulenga kinachoning'inizwa chini ya tumbo la ndege, katika makombora na mabomu yenye kuongozwa, katika programu za kompyuta zinazohitaji kusasishwa, na katika ramani na taarifa zinazopakiwa kabla ya kila safari. Vitu hivyo mara nyingi huuzwa kando, kila kimoja na bei yake na kibali chake cha kuuzwa nje. Anayenunua ndege na kuahirisha hivyo vingine "mpaka bajeti ijayo" amejipatia ndege ya gwaride.

Tazameni Afrika Kusini. Sina mfano bora zaidi barani kwetu, na nauomba mkutano wa kwanza wa kamati juu ya jambo hili uanze na mfano huo. Katika mkataba wake mkubwa wa silaha wa 1999, Afrika Kusini iliagiza ndege 28 za Gripen kutoka Uswidi, zikapunguzwa zikawa 26: 17 za kiti kimoja na 9 za viti viwili. Zilianza kuingia kazini 2008 katika Kikosi cha 2, kambi ya Makhado, jimbo la Limpopo, na ya mwisho ikafika 2012. Ni ndege safi. Ilibuniwa na watu waliotarajia kuirusha kutoka barabara kuu, ihudumiwe na vijana wachache wenye fundi mmoja mzoefu. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010 zililinda anga la viwanja. Nchi yenyewe si changa katika mambo haya. Ina Denel, kampuni yake ya silaha, ina wahandisi, imewahi kuunda makombora yake.

Mapema 2013, hata mwaka haujaisha tangu ya mwisho ifike, waziri wao wa ulinzi aliliambia bunge kwamba 12 kati ya hizo 26 zimewekwa ghalani kwa muda mrefu kwa sababu hakuna fedha za kuzirusha. Karibu nusu. Kisha Septemba 2021 mkataba wa matengenezo ukaisha bila mwingine kuwa tayari, na ndege zote zikakaa chini takriban mwaka mzima hadi makubaliano mapya yalipopatikana 2022. Taifa lenye uchumi mkubwa kuliko wetu kwa mbali likabaki bila ndege ya kivita hata moja ya kuruka. Hazikuangushwa na adui. Zilizuiwa na karatasi ambayo haikusainiwa kwa wakati na fungu la bajeti ambalo halikutengwa.

Marubani nao? Rubani wa ndege ya kivita asiporuka, ujuzi wake hupungua mwezi kwa mwezi, na ule wa fundi vilevile. Ndege inaweza kurudishwa angani ndani ya wiki kadhaa pesa zikipatikana. Kikosi cha watu waliozoeana na kazi huchukua miaka kujengwa, na walioondoka hawarudi kwa tangazo la gazeti.

Sitaki kurefusha habari ya rushwa ya mkataba ule wa 1999, kwa sababu inajulikana. Itoshe kusema kwamba tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Seriti ilimaliza kazi bila kuona kosa, na Agosti 2019 mahakama ya Pretoria ikayafuta matokeo yake. Miaka ishirini baada ya sahihi, nchi bado ilikuwa inabishana juu ya nani alikula nini. Ubishi wa namna hiyo unalidhuru jeshi lenyewe, maana kila ombi la pesa za vipuri linaonekana kama mwendelezo wa wizi.

Jirani yetu wa magharibi naye ana funzo lake. Uganda ilipokea ndege sita aina ya Su-30MK2 kutoka Urusi kati ya 2011 na 2012, kwa gharama iliyoripotiwa kuwa karibu dola milioni 740 pamoja na zana nyingine. Su-30 ni ndege kubwa, yenye injini mbili, viti viwili, masafa marefu na uwezo wa kubeba tani nane za silaha. Hakuna nchi nyingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa na kitu cha kuilinganisha nayo. Lakini fedha zilitolewa kwanza katika akiba ya fedha za kigeni, ndipo Bunge likaombwa kuidhinisha kilichokwisha kufanyika, na Gavana wa Benki Kuu wakati ule, Emmanuel Tumusiime-Mutebile, akalalamika hadharani. Mwaka uleule wa 2011 mfumuko wa bei nchini humo ulipita asilimia 30. Sisemi ndege ndizo zilizoleta mfumuko huo, kwa kuwa ukame na bei ya mafuta vilikuwa na mkono mkubwa. Nasema mama anayenunua unga kwa bei iliyopanda huku akisikia habari ya ndege za mamilioni ya dola ana haki ya kuelezwa mapema, si baadaye.

Na sasa mtu yeyote mwenye ndege za Kirusi ana tatizo jingine. Tangu Februari 2022 viwanda vya Urusi vinahudumia vita vyao kwanza, na vikwazo vya kibenki vimefanya hata kulipia kipuri kuwa safari ndefu. Mwaka 1976 Nairobi ilichagua Marekani kwa sababu za wakati ule. Yeyote mtakayemchagua safari hii, mjue mnachagua rafiki wa miaka thelathini au arobaini, na kwamba rafiki huyo atakuwa ameshika ufunguo.

Indonesia iliujua uchungu huo. Ilikuwa na F-5 kama zetu, pamoja na F-16. Mwaka 1999, baada ya ghasia za Timor Mashariki, Marekani ilifunga mauzo ya silaha na vipuri kwa jeshi la nchi hiyo. Ndege nyingi zilibaki chini, nchi ikalazimika kuanza upya kwa kununua Sukhoi 2003. Tena si lazima uwe umenunua Marekani ndipo Marekani ikushike. Injini ya Gripen zilizoko Makhado ilitokana na injini ya General Electric, na ndege za mafunzo na mashambulizi za Korea Kusini pia hutumia injini ya kampuni hiyohiyo, kwa hiyo kibali cha Washington kinahusika hata pale bendera ya muuzaji ni nyingine. JF-17 ya Pakistan na China, ambayo Nigeria ilianza kuitumia Mei 2021, hubeba injini ya Kirusi. Naomba kila kampuni itakayoleta ofa iandike, ukurasa wa kwanza kabisa, ni serikali ngapi zinaweza kuizuia ndege hiyo isiruke, na kwa sheria gani.

Hapa kwetu pia tuna kumbukumbu zinazouma. Meli ya jeshi la wanamaji, KNS Jasiri, mkataba wake ulitiwa saini 2003. Ilijengwa Uhispania, ikakwama huko kwa miaka huku bei yake ya shilingi bilioni 4.1 na mazingira ya mkataba wake vikihojiwa, hadi ilipotia nanga Mombasa 2012. Miaka tisa. Askari waliochaguliwa kwenda kujifunza meli hiyo walizeeka wakiisubiri.

Kisha Januari 2017. Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba imeridhia kuiuzia Kenya ndege 12 za AT-802L na mbili za mafunzo za AT-504, pamoja na silaha na huduma, kwa gharama inayoweza kufika dola milioni 418. AT-802 asili yake ni ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, iliyoongezewa silaha na vifaa vya kulenga. Mbunge mmoja wa North Carolina aliitaka serikali yake ichunguze kwa nini kampuni ya jimboni kwake, iliyosema ingeuza kwa bei ndogo zaidi, haikupewa nafasi. Mpango ule haukukamilika. Zilizofika, kuanzia 2020, ni helikopta ndogo za kushambulia za MD 530F.

Lililoniumiza katika jambo hilo si aina ya ndege. Ndege ndogo ya injini moja inayoweza kuzunguka saa nyingi juu ya msitu wa Boni huenda ina manufaa kwa askari wa Lamu na Mandera kuliko ndege inayopita kwa kasi ya sauti. Lililoniumiza ni kwamba bei ya ndege za Kenya tuliisoma katika tangazo la Washington, kwa sababu sheria yao inaitaka serikali kulijulisha bunge lao. Mlipa ushuru wa Texas alijua kabla ya mlipa ushuru wa Nakuru. Adui anayetaka kujua tumenunua nini angesoma tangazo lilelile. Basi siri hiyo ilikuwa ikifichwa kwa nani?

Katiba yetu imelisema wazi. Kifungu cha 238 kinaweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Cha 239 kinaviweka vyombo vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia. Cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa uwazi, wa ushindani na wenye kujali gharama, na cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kazi yake. Naelewa kwamba masafa ya rada, misimbo ya mawasiliano na mipango ya vita si vya kuanikwa. Bei ya jumla, idadi ya ndege, jina la muuzaji, jina la wakala kama yupo na malipo yake, gharama ya kuziendesha kwa mwaka: hizo si siri za vita. Tumeshaumia vya kutosha na mikataba ya usalama iliyofunikwa kwa neno "siri". Jina la Anglo Leasing, kashfa ya mikataba ya namna hiyo, halijasahaulika.

Sasa niruhusuni niseme kwa kirefu juu ya mafundi, kwa maana hilo ndilo ninalolijua kwa mikono yangu.

Kwa kila saa moja ndege ya kivita inayokaa hewani, kuna saa nyingi za kazi ardhini. Injini hukaguliwa ndani kwa kamera nyembamba ili kuona kama mapanga ya turbini yameungua au kupasuka. Kila kipuri chenye umri kina karatasi yake: kilizaliwa lini, kimeruka saa ngapi, kimetua mara ngapi, kitang'olewa lini hata kama kinaonekana kizima. Baruti zinazofyatua kiti cha rubani zina tarehe ya mwisho kama dawa ya hospitali. Ikipita, ndege hairuki, hata iwe mpya vipi. Vifaa vya kupimia navyo hupimwa. Mtungi wa oksijeni, tairi, breki, mafuta ya haidroliki, betri, kila kimoja kina ratiba. Kukosekana kwa muhuri mmoja wa mpira wa bei ya soda kunaweza kuiweka chini mashine ya mabilioni, na ukiuagiza leo kwa njia ya zabuni ya kawaida ya serikali, pengine ufike baada ya miezi minane. Kuwalaumu mafundi kwa hilo ni kuwaonea. Aliyepanga ununuzi ndiye aliyesahau kwamba ndege ina maisha baada ya sherehe.

Ndiyo maana nataka mtazame walichofanya Argentina. Walizistaafisha ndege zao za kivita za Mirage 2015, wakakaa miaka bila ndege ya kasi ya juu. Mwaka 2024 wakatia saini ya kununua ndege 24 za F-16 zilizotumika Denmark. Ni ndege za mitumba, ndiyo, lakini kabla hata moja ya kuruka haijafika walipelekewa F-16 moja isiyoruka katika kambi ya Tandil, iwe ya mafundi kujifunzia. Wakaifungua, wakaifunga, wakazoea waya zake na vifuniko vyake. Marubani na mafundi wakawa wanafundishwa wakati kambi inakarabatiwa. Brazil nayo, iliyochukua zaidi ya miaka kumi kuamua na kusaini Gripen 36 mwaka 2014, ilituma wahandisi na mafundi wake mamia wakaishi Uswidi, wakajifunza kazi viwandani, na ndege zilipoingia rasmi kazini Anápolis Desemba 2022 kulikuwa na Wabrazil waliojua ni kwa nini kila bawaba iko pale ilipo.

Sisi tuna vijana. Nimefanya kazi nao. Wako wanaomaliza mafunzo ya ufundi wa ndege Nairobi na Eldoret wakiwa na akili ya kushangaza, na wakishapata leseni na uzoefu wa miaka michache, Dubai na Doha huwachukua kwa mishahara ambayo hatuwezi kuikaribia. Jeshi nalo hupoteza mafundi wake njia hiyohiyo mkataba wa utumishi unapoisha. Ikiwa mtanunua ndege ya kisasa bila mpango wa kuwatunza watakaoitunza, mtakuwa mmelipa kuwafundisha mafundi wa mashirika ya Ghuba. Wapeni cheo kinachotokana na ujuzi, si kusubiri nafasi ya amri. Wapeni posho ya leseni. Wajengeeni nyumba zisizovuja pale Laikipia. Gharama ya hayo yote kwa mwaka ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya ndege moja.

Nguvu ya kuua nayo inahitaji kusemwa, ingawa najua haipendezi katika barua kama hii. Mwishoni mwa Oktoba 2011 shambulio la angani lilipiga mji wa Jilib, Somalia. Madaktari Wasio na Mipaka walisema kambi ya watu waliohama makwao iliguswa, na majeruhi waliowapokea walikuwa makumi, wengi wao watoto. Jeshi letu lilisema lililenga Al-Shabaab. Miaka mitano baadaye, 17 Januari 2017, ndege ya jeshi la Nigeria ililipua kambi ya wakimbizi wa ndani huko Rann, na zaidi ya watu mia moja walikufa. Nigeria ilikiri kuwa ni kosa. Ndege yenye vifaa vya kulenga vilivyo bora inaweza kupunguza maafa hayo, lakini haiyaondoi yenyewe. Yanaondolewa na taarifa sahihi, na ofisa wa sheria aliye kwenye chumba cha maamuzi mwenye uwezo wa kusema "msipige", na uchunguzi wa kweli unapotokea msiba, matokeo yake yakasomwa bungeni na waliofiwa wakalipwa. Naomba pesa za mfumo huo ziwe ndani ya bei ya ndege, si ahadi ya pembeni. Watu wa Gedo na Jubba ni majirani zetu, na wengi wao wana ndugu Garissa na Eastleigh.

Vilevile uwanja wenyewe ulindwe. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliingia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege zilizoegeshwa. Ndege ya mabilioni haina ujanja ikiwa ardhini.

Ombi langu kwenu, Waheshimiwa, ni moja, ingawa lina matawi. Msilete bungeni bei ya ndege. Leteni bei ya miaka thelathini: ndege, injini za akiba, silaha, vifaa vya kulenga, mtambo wa mafunzo, vipuri, mafuta, hanga, mishahara ya mafundi, na ukarabati mkubwa wa katikati ya maisha ya ndege. Elezeni kila rubani ataruka saa ngapi kwa mwaka. Nchi za NATO hutumia kipimo cha karibu saa 180, nasi tukishindwa kufika huko tuambiwe tutafika wapi na kwa nini. Mkataba wa matengenezo usainiwe siku ileile na mkataba wa ndege, wenye muda usiopungua miaka kumi, na fungu lake katika bajeti lisiguswe kwa kuhamishiwa kazi nyingine. Kundi la kwanza la mafundi liondoke kwenda mafunzoni mwaka mmoja kabla ya ndege ya kwanza kufika.

Hesabu hiyo ikionyesha kwamba tunamudu ndege sita, tununue sita zinazoruka wala tusinunue kumi na nne ambazo nane zake zitafunikwa turubai. Ikionyesha kwamba ndege ndogo inatosha kwa Boni na Mandera, na kwamba kwa ulinzi wa anga tunahitaji kwanza rada zinazoona vizuri kutoka Moyale hadi Lamu, basi tuanze na hizo, na wanahewa wasione haya kusema hivyo mbele ya kamati. Afisa anayelieleza taifa ukweli wa uwezo wake anastahili kulindwa na wakubwa wake.

Kuna jaribu moja linaloweza kuja hivi karibuni, nalo nalitaja kwa sababu nimeliona katika ndege za kiraia. Tangu Juni 2024 Kenya ni mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, na hadhi hiyo inafungua mlango wa kupata zana zilizotumika kwa bei nafuu au hata bure. Nawasihi mpokee ofa za aina hiyo kwa darubini. Ndege ya bure yenye saa chache zilizobaki katika fremu yake inaweza kugharimu kuliko mpya, kama wengi wetu tulivyojifunza kwa kununua gari kuukuu la bei ya kutupa. Pelekeni mafundi, si wanasiasa, wakazikague. Wapeni muda wa kufungua vifuniko, wasome vitabu vya kumbukumbu vya kila injini, na ripoti yao iwekwe mbele ya wabunge bila kuhaririwa na mtu yeyote mwenye maslahi katika mauzo.

Kwa wanachama wa kamati, nina neno la ziada. Mna haki ya kuwaita makamanda, na mna haki ya kukaa faraghani pale siri ya kweli inapohusika. Itumieni. Lakini mkitoka faraghani, tupeni taarifa ya maandishi hata iwe ya kurasa tano. Idadi rasmi ya askari wetu waliouawa katika kambi ya El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016 haijatangazwa mpaka leo, na familia zao zimeishi na kimya hicho. Msikiruhusu kimya hicho kiwe desturi ya kila jambo linalohusu ulinzi.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa wabunge wetu wa Laikipia. Niko tayari kufika mbele ya kamati, kwa gharama yangu, kueleza lolote kati ya haya linalohusu ufundi. Najua mafundi wastaafu wa jeshi hapa Nanyuki ambao wangekuja pamoja nami wakiitwa, wenye ujuzi wa F-5 kuliko nilio nao mimi wa ndege zangu, na ambao kwa kadiri nijuavyo bado hawajaombwa maoni na mtu yeyote. Naomba wawe wa kwanza kuitwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa ndege na mlipa ushuru,
Nanyuki, Kaunti ya Laikipia